Jina la Mwisho Mara Mbili

Januari, Oulu, nje nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani mashine kubwa inapumua joto kama ng'ombe zizini,
nami ndiye mlinzi wake wa usiku,
soksi za sufu, chupa ya kahawa.
Modemu inalia. Mtu anabisha kutoka mbali.

Mashine haina tundu la kuchungulia mlangoni.
Humuuliza mgeni jina, kisha neno la siri,
na hapo wengi hudhani mahojiano yamekwisha.
Bado. Liko swali la tatu, la chinichini,
mashine mbili huulizana bila kututazama:
Waweza kunitajia aina ya terminali yako?
Naweza.
Basi taja.

Maana skrini hazilingani.
Iko ijuayo kurudi juu na kusahihisha,
iko ijuayo kung'arisha neno moja kati ya mia,
na iko isiyojua ila kushuka, kama theluji.
Mwenyeji hachori kabla ya kujua anachora juu ya nini.
Ana kamusi yake diskini, kila aina na tabia zake:
huyu ukitaka afute mwambie hivi,
yule ukitaka asogee mwambie vile.
Haoni. Husadiki tu.
Mwambie wewe ni tausi, atakupaka rangi za tausi
hata kama umekaa hapo na manyoya ya kunguru.

Niillas Guttorm alisadikiwa hivyo miaka minne.
Kituo chake cha hali ya hewa kiko Utsjoki,
kule misonobari inakokata tamaa ikawa vichaka.
Aina yake aliiandika mwenyewe katika faili la kuingilia,
akasahau kwamba aliiandika.
Usiku ule skrini yake ikafa.
Akatoa stoo kichapishi cha kale, kibodi na karatasi basi,
akakiunga na waya wa simu, akabisha,
na mwenyeji, mtiifu wa faili, akamchorea madirisha.

Simu ya mezani: "Helka, inatapika."
"Inatapika nini?"
Akanisomea polepole, kama asomaye hati ya mahakama:
mabano, mbili, J.
Mabano, H.
Mabano, saba, m.
"Karatasi imefika sakafuni, na sijaona hata kipimo kimoja."
Nilizijua. Futa yote. Rudi juu, kushoto.
Geuza weusi uwe weupe.
Amri nzuri, zote, kwa asiyeweza hata moja.

"Umekaa mbele ya nini?"
Akanyamaza. Nadhani alikuwa anakitazama.
"Karatasi."
"Basi mwambie. Pale penye aina, andika: bubu."
"Mimi?"
"Chombo, Niillas. Chombo."

Lakini neno lilikuwa limeshaingia.
Alikuwa na miaka saba, akasema, bweni la shule,
Kisami tele kinywani na Kifini hakuna.
Mwalimu hakumuuliza lugha. Alijaza fomu.
Ukiuliza alijaza nini,
ndilo hilo uliloniambia niandike.

Sikuwa na la kusema. Waya ulivuma kilomita mia tano.
Kisha nikasikia vidole vyake, herufi moja moja,
na kichapishi kikaanza kugonga:
thelathini na nane chini ya sifuri. Upepo kaskazini.
Mstari, halafu mstari. Hakuna pambo.
Alinisomea kila mmoja ingawa mimi niliyaona yaleyale kwangu.

Machi wakampelekea terminali mpya, inayojieleza yenyewe.
Huulizwa, hutaja jina la fahari;
huulizwa tena, hutaja la chini yake,
na la chini yake, hadi kabati liishe.
Haina neno la kusema nimemaliza.
Hurudia jina la mwisho, na mwenyeji huelewa.

Nilimweleza hilo kwa simu. Akacheka:
kwetu hei moja ni ya kubisha mlango.
Kisha akasema hei, hei,
akakata.